Friza linalotekenya na betri isiyofika saa mbili usiku: uchambuzi wa DB ya nyumba moja Bwiru

Nyumba yenyewe iko Bwiru, Mwanza, kwenye mteremko wa mawe unaolitazama Ziwa Victoria. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko la ndani na stoo, na umeme wake ni wa fezi moja. Mita ya LUKU imefungwa kwenye ukuta wa getini, mita 45 hivi kutoka kwenye DB, yaani boksi la breka linalogawa umeme wa nyumba. Mzee ni mwalimu mstaafu. Mama anauza sato na minofu ya sangara kutoka kwenye mafriza mawili ya kulala: moja liko stoo na ndilo linalotunza mzigo, jingine liko barazani kwa wateja wa jioni. Walikuwa wameshanunua inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya volti 51.2, Ah 100, yaani uniti 5.1 ikijaa. Vifaa havikuwa vibaya. Paneli za jua hawajaweka bado, kwa hiyo betri inachajiwa na umeme wa gridi peke yake.

Mzee alianza na lake: "Betri nimeilipia kama ng'ombe wa mahari, mbona haifiki taarifa ya habari ya saa mbili?"

Mama alikuwa na lingine, na kwa macho ya fundi hilo ndilo lililokuwa zito zaidi: "Fundi, hili friza la barazani linanitekenya. Juzi mteja kashika mfuniko, karuka."

La tatu walilitaja kwa kupita tu. Jioni, hata umeme ukiwepo, inveta inasikika ikigonga tik, tik, na taa zinapepesa.

Mzee alikuwa ameshauliza bei ya betri ya pili. Nilimwomba hizo hela azishike kwanza mpaka tufungue DB, kwa sababu nyumba yenye taa za LED, TV, friji na mafriza mawili haimalizi uniti 5 kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Ikimaliza, ujue betri inafanya kazi ambayo hakuna mtu aliyekaa chini akaamua iifanye.

Tulichokuta

Baada ya kufungua makava, historia ya nyumba ilisomeka kwenye waya wenyewe. Fundi wa kwanza alipitisha nyumba nzima kwenye inveta. Ilienda hivyo mpaka siku umeme ulipokatika mtu akiwa bafuni: hita ya kuoga ya kW 5.5, ukiongeza mafriza na taa, iliizidi nguvu inveta ikajizima na nyumba yote ikawa giza. Akaitwa fundi wa pili. Huyu aliongeza DB ndogo pembeni, akarudisha hita, jiko la umeme na pampu ya maji kwenye DB kubwa, na vilivyobaki vyote akaviacha upande wa inveta. Wazo la kugawa lilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba alihamisha laivu, nyutro akaziacha zilipokuwa.

RCCB inafanya kazi moja: inalinganisha mkondo unaotoka kwenye laivu na ule unaorudi kwenye nyutro, na tofauti ikifika kiwango chake, kwa kawaida miliampia 30, inakata. Taa za jikoni na za korido zilikuwa zinapata laivu kutoka DB ndogo, huku nyutro zake zikirudi DB kubwa. RCCB ya DB ndogo ikaona mkondo unatoka na haurudi. Ya DB kubwa ikaona unarudi mkondo ambao haikuutoa. Zote mbili zikakata, na zilikuwa na haki ya kukata. Badala ya kuzifuatilia nyutro moja moja, fundi aliunganisha baa za nyutro za DB zote mbili kwa kipande cha waya, kisha akaziruka RCCB zote. Nyumba ikawaka. Kinga pekee ya binadamu iliyokuwemo ikawa imetolewa, na kwa kuwa taa zilikuwa zinawaka hakuna aliyejua.

Kipande hicho cha waya kina hatari yake nyingine. Mtu akizima DB kubwa ili abadilishe soketi, anaamini kila kilichomo kimekufa. Lakini nyutro ya taa za jikoni bado inabeba mkondo unaorudi kutoka upande wa inveta. Akiifungua na kushika ncha zake mbili, mkondo wa taa unapita kwake. Tesita ya bisibisi haiwezi kumwonya, kwa sababu nyutro iliyounganishwa vizuri haiwashi tesita.

Sasa friza. Ethi ya DB ndogo ilikuwa imeishia kwenye bodi ya inveta, yaani kasha lake la chuma, haikufika kwenye rodi ya ethi iliyopigwa ardhini. Ndani ya inveta, pale umeme unapoingia na kutokea, kuna chujio lenye kapasita ndogo zinazotoka kwenye laivu na nyutro kwenda kwenye bodi. Bodi ikiwa na ethi, kimkondo hicho kinashuka ardhini bila mtu kukihisi. Isipokuwa nayo, bodi inakaa katikati ya laivu na nyutro, karibu nusu ya volti 230. Na kwa kuwa ethi za soketi zote za upande ule zilifungwa kwenye bodi hiyo, friza la barazani nalo lilipanda pamoja nayo. Tulipima volti 108 kati ya mfuniko wa friza na rodi ya ethi. Mkondo wake ni mdogo, unatekenya tu. Ila waya huohuo ndio uliotakiwa kutoa umeme nje siku waya wa ndani ya kompresa ukichubuka na kugusa bodi. Siku hiyo friza lingekaa na volti 230 kamili bila breka yoyote kukata, na mbele yake angesimama mama muuza samaki, ambaye miguu yake imelowa tangu asubuhi.

Upande wa betri kulikuwa na breka ya kawaida, ya AC, imewekwa kama fyuzi. Umeme wa AC unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayozuka breka inapofunguka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa DC haupiti sifuri. Breka isiyotengenezwa kwa DC inaweza kufunguka na cheche ikaendelea kuwaka humo ndani mpaka plastiki ishike moto. Hilo halikuhitaji mjadala, tuliling'oa siku hiyohiyo.

Halafu waya wa kutoka mita hadi DB: wa 6 mm², urefu mita 45, ukiwa nyuma ya breka kuu ya ampia 63. Waya huo hauwezi kubeba ampia 63 kwa usalama, kwa hiyo breka ilikuwa inalinda kitu kinachoungua kabla yake. Kumbe ndiyo iliyokuwa siri ya ile tik, tik. Waya wa shaba wa 6 mm² unapoteza kama milivolti 7.3 kwa kila ampia kwa kila mita. Saa moja jioni mtu anaoga, jiko limewashwa, mafriza yanafanya kazi na inveta inachaji betri: ampia 40 hivi. Zidisha, unapata volti 13 zilizobaki njiani kabla umeme haujaingia ndani. Getini tulipima 184, kwenye DB 171, na pampu ikiwashwa zilishuka chini ya 170. Inveta ilikuwa imewekwa kwenye hali inayoitwa UPS kwenye menyu, na inveta nyingi za aina hiyo zikiwa katika hali hii huachana na gridi volti zikishuka chini ya 170, kisha husubiri zipande hadi kama 180 ndipo zirudi. Kwa hiyo kila mtu aliyeingia kuoga alikuwa anaipeleka nusu ya nyumba kwenye betri, umeme ukiwepo. Umeme ulipokatika kweli, betri ilikuwa imeshatumika.

Mafundi wengi hapa wangebadilisha hali hiyo kwenda ile pana, inayovumilia hadi volti 90. Kelele ingeisha siku hiyohiyo. Lakini inveta ya aina hii, gridi ikiwepo, hairekebishi volti. Inazipitisha jinsi zilivyo. Kompresa ya friza ikilazimishwa kuanza kwa volti 150 inavuta mkondo mkubwa, inachemka, na inakufa kabla ya wakati wake. Tuliiacha hali ya UPS ilivyo, tukabadilisha waya.

Nani akae upande wa betri

Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe ya kubuni, na inafanyika kwenye karatasi kabla ya bisibisi. Tuliweka mita ndogo za kuchomeka kwenye soketi za vyombo vikubwa kwa siku kadhaa, tukaandika. Friji ya jikoni ilikula wastani wa wati 45. Friza la stoo 50. La barazani 60, kwa sababu linafunguliwa kila mara. Taa zote za ndani zikiwaka pamoja wati 90, za ulinzi nje 30. TV na king'amuzi 90. Ruta 12. Inveta yenyewe, bila kubeba kitu, inakula kama wati 50 kutoka kwenye betri, na hili watu hulisahau: kwa saa kumi ni nusu uniti.

Kisha vile vya joto. Birika wati 2,000. Pasi 1,800. Jiko 2,000. Hita 5,500. Vyote, ukitoa hita, vilikuwa vinaweza kuchomekwa kwenye soketi za upande wa betri, maana hata jiko dogo lilikuwa linahamishwa. Tukawauliza jioni yao ya kawaida ikoje. Watoto wanapigiwa pasi nguo za shule baada ya chakula. Chai inachemshwa mara mbili, na maji ya kuogea mtoto mdogo yanachemshwa kwa birika. Pasi ya nusu saa na maji ya birika mara nne tayari vinaweza kufika uniti moja na nusu. Swali la mzee lilikuwa limejibiwa.

Betri ya uniti 5.1 hatukuihesabu yote. Tulichukua asilimia 80, uniti 4.1, ili isifike chini kabisa kila mara. Mama alitaka mafriza yote mawili yawe kwenye betri, jambo linaloeleweka, maana mle ndimo ulimo mtaji. Nikamwomba tuliangalie friza la stoo peke yake. Friza la kulala lililojaa, lisipofunguliwa, linahifadhi baridi kwa saa 48 hivi. Likiwa nusu, kama saa 24. Mzigo wenyewe ukishaganda ndio unaotunza baridi. La stoo linajaa kila wiki na linafunguliwa asubuhi tu. La barazani ni nusu tupu na linafunguliwa jioni nzima. Linalohitaji betri ni la barazani. Hakukubali mara moja. Siku moja isiyo na wateja alilizima la stoo kutwa nzima mwenyewe, akiwa ametia kipimajoto ndani, na jioni akasema sawa.

Pampu ya maji ilizua ubishi pia. Ni ya nguvu farasi moja, inavuta karibu wati 1,100 ikitembea na mara kadhaa ya hapo inapoanza. Inajaza simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara. Mimi naona simtanki lile tayari ni akiba: maji yakipandishwa umeme ukiwepo, usiku yanashuka yenyewe bila wati hata moja. Ikabaki upande wa gridi, na tukaweka swichi ya boya ili tanki lijae kila wakati bila kusubiri mtu akumbuke.

Hesabu ya kukatika kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi alfajiri ikawa hivi: friza la barazani uniti 0.6, friji 0.45, taa za ndani kwa saa tano 0.45, za nje usiku kucha 0.3, TV saa nne 0.36, ruta 0.12, simu na kompyuta 0.2. Jumla kama 2.5. Gawanya kwa 0.9, ambao ndio ufanisi wa inveta, unapata 2.8, ongeza nusu uniti ya inveta yenyewe, 3.3. Kwenye 4.1 tunabaki na 0.8. Betri ya pili haikuhitajika.

Ethi kwenye mwamba

Anayejenga Bwiru, Isamilo, Capri Point au mtaa wowote wa mawe anajua tatizo hili, ingawa wengi wanalificha kwa saruji. Rodi ya ethi ya hapa ilikuwa imeingia sentimita 60, ikagonga jabali, ikakunjwa na kufukiwa. Kipimo cha ethi cha vijiti vitatu kilionyesha omu 210, tena masika, udongo ukiwa na unyevu.

Fanya hesabu hii uone kwa nini RCCB huku kwetu si pambo. Nyumba nyingi zinapata nyaya mbili tu kutoka kwenye nguzo, laivu na nyutro, na ethi kila mtu anajitafutia ardhini mwake. Laivu ikigusa bodi ya birika, mkondo unarudi kwenye transfoma kwa kupita kwenye udongo: volti 230 kugawa kwa omu 210, ampia 1.1. Breka ya ampia 16 haitambui hata kwamba kuna jambo. Birika linabaki na umeme mpaka mtu aliguse. RCCB ya miliampia 30 inahitaji sehemu ndogo sana ya mkondo huo, na hata omu 210 zinaitosha. Ila ethi ya kiwango hicho haiaminiki, kiangazi inapanda, na radi haiipendi.

Njia ya kienyeji ni kumwaga chumvi na mkaa shimoni. Chumvi inashusha kipimo siku unayopima, kisha mvua inaiosha na shaba inaliwa. Siitumii. Tulifuata udongo ulipo: upande wa chini wa kiwanja, pale mvua zimekuwa zikirundika udongo miaka yote na migomba inastawi. Tukachimba mtaro wa sentimita 60 kwenda chini, tukalaza waya mtupu wa shaba wa 35 mm² kwa urefu wa mita 20, tukafunga na rodi mbili fupi pale zilipokubali kuingia, tukashindilia bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu, kuuzunguka waya. Kipimo kikaja omu 38. Kwa jabali lile niliridhika.

Mpangilio mpya

Waya mpya kutoka getini ni wa 16 mm², ambao kwa ampia 40 unapoteza volti 5 badala ya 13. Unaingia kwenye swichi kuu inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Baada yake kuna kikinga cha msukumo wa radi. Anayeishi kando ya ziwa hili anazijua ngurumo za usiku, na inveta ina elektroniki nyingi kuliko chombo kingine chochote ndani ya nyumba. Kwa nyumba yenye ethi ya kujitafutia tulichagua kikinga cha aina inayoweka kipande kimoja kati ya laivu na nyutro, na kingine kati ya nyutro na ethi, na nyaya zake hazikuzidi nusu mita. Nyaya ndefu zilizokunjwakunjwa kwa urembo zinakipunguzia kazi kikinga.

Inafuata RCCB ya miliampia 100, ya aina inayochelewa kidogo kukata, ili kosa likitokea ndani, ya chini iwahi kwanza. Kisha DB kubwa: hita, jiko, soketi za jikoni, soketi ya pasi, pampu, friza la stoo, kila kundi na kinga yake ya miliampia 30. Kutoka DB kubwa, breka ya ampia 32 na waya wa 6 mm² vinakwenda kuilisha inveta. Umeme unaotoka kwenye inveta hauingii DB ndogo moja kwa moja. Unapita kwenye swichi ya mkono ya nafasi tatu. Nafasi ya kwanza ni inveta, katikati ni zima, ya tatu ni gridi moja kwa moja. Inakata laivu na nyutro kwa pamoja. Swichi hii ni ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine ukutani pale, na ndiyo inayowekwa mara chache zaidi. Inveta itakufa siku moja. Siku hiyo mzee atageuza mkono mmoja na nyumba itaendelea na gridi, inveta ikiwa imebebwa kwenda kwa fundi.

DB ndogo ina taa zote za nyumba. Sikutaka kuzigawa. Taa za LED zinakula kidogo, na nyutro za taa ndizo zilizoleta balaa lote la mwanzo. Zikikaa zote sehemu moja, hakuna ya kuazimwa. Kuna saketi ya sebule, ya vyumba vya kulala, na ya friji na friza la barazani. Hii ya mwisho tuliipa breka yake yenye kinga ya miliampia 30 ndani yake, ili chaja mbovu ya simu chumbani isije ikakata umeme wa samaki usiku watu wakiwa wamelala. Nafasi mbili zimebaki wazi.

Nyutro tulizihakiki kwa kuzifungua zote kwenye baa na kupima kila moja na laivu zote, mojamoja. Kazi ya kuchosha, inakula sehemu kubwa ya siku, na haionekani kwa mwenye nyumba anayesubiri kuona kitu kipya ukutani. Tulikuta moja zaidi iliyoazimwa, taa ya stoo.

Inveta ikiwa kwenye betri kuna jambo jingine. Imejitenga na gridi, kwa hiyo nyutro yake haina tena uhusiano na ardhi, isipokuwa inveta yenyewe ifunge nyutro na ethi kwa relei ya ndani, yaani swichi inayojiendesha. Bila hiyo, laivu ikigusa bodi ya friza hakuna njia ya kurudi, na RCCB haioni tofauti yoyote. Inveta hii ilikuwa na relei hiyo, ila ilikuwa imezimwa kwenye menyu. Tuliiwasha. Wapo wanaofunga nyutro na ethi kwa waya wa kudumu kwenye DB ndogo. Gridi ikirudi, waya huo unageuka kosa na RCCB ya juu inakata kila mara, kisha anakuja fundi mwingine anairuka, na tumerudi tulikotoka. Ni lazima kifungo hicho kifunguke chenyewe umeme ukirudi.

Kitufe cha majaribio cha RCCB hakitoshi kuthibitisha hili. Kinapitisha mkondo kati ya laivu na nyutro ndani ya RCCB yenyewe, hakigusi ethi, kwa hiyo kitakata hata kama ethi haipo kabisa. Tulizima gridi, tukachomeka kipimo cha RCCB kwenye soketi ya friza, kikapitisha mkondo kutoka laivu kwenda ethi. Ikakata. Tukarudia gridi ikiwepo, ikakata. Na friza, volti kati ya mfuniko na ethi: sifuri.

Kuhusu breka za upande wa betri: inveta ya kW 5 inatoa ampia 22 mfululizo, na kwa sekunde chache labda mara mbili ya hapo. Breka ya ampia 16 ya aina C inahitaji ampia 80 hadi 160 ili ikate papo hapo. Inveta haina mkondo huo. Shoti ikitokea, itajizima yenyewe kabla breka haijaamka, na nyumba yote itakuwa giza. Kwa hiyo taa tulizipa breka za ampia 6 za aina B, ambazo ampia 30 zinazitosha. Soketi hazikuwa na ujanja huo, tukakubali.

Mzee aliuliza kama tunaweza kuweka breka ndogo sebuleni ili pasi isikubali. Haiwezekani kwa uhakika. Pasi ya wati 1,800 inavuta chini kidogo ya ampia 8, na breka ya ampia 6 inaweza kuuvumilia mkondo huo karibu saa nzima bila kukata. Breka inalinda waya, haisimamii tabia za watu. Tuliweka soketi za upande wa betri za rangi nyekundu, tukabandika mchoro wa Kiswahili ndani ya mlango wa DB, na mama akachukua jukumu la pasi.

Betri imefungwa kwenye ukuta wa korido ya nyuma, upande usiopigwa na jua la mchana, mbali na milango ya vyumba vya kulala. Fyuzi ya DC ya ampia 125 iko karibu kabisa na betri, nyaya ni za 35 mm². Chaji ya kutoka gridi tuliishusha hadi ampia 20, kama wati 1,100, ili isiongeze mzigo jioni. Betri tupu inajaa kwa saa tano hivi. Mbele ya feni za inveta tuliweka wavu laini unaotoka kwa kuoshwa, kwa sababu visubi vya ziwani vikiingia humo na kufa, wanakuja mijusi kuvifuata, na bodi nyingi za saketi za inveta za mwambao huu zimeungua kwa mjusi mmoja. Kazi nzima ilikaguliwa na kusainiwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, na mita yenyewe haikuguswa.

Kilichobaki

Tangu hapo umeme umekatika mara kadhaa, mara moja usiku kucha, na asubuhi ile skrini ya betri ilikuwa inasoma asilimia 41. Tik, tik imekoma. Friza la stoo halijawahi kuwekwa kwenye betri na samaki hawajaharibika.

Mzee sasa anataka paneli za jua. Hilo linarudisha swali la pampu, na safari hii naona mama ana hoja: mchana jua likiwepo, pampu inaweza kula umeme wa paneli badala ya uniti za LUKU. Lakini bado inaanza kwa kishindo, na betri hii inaruhusu ampia 100 tu, kwa hiyo kwanza itabidi iwekewe kianzishi cha polepole, kisha ipimwe ikianza wakati friza na friji navyo vinafanya kazi. Na inveta lazima iwekwe isirudishe umeme nje hata kidogo, kwa kuwa baadhi ya mita za malipo ya kabla huuhesabu umeme unaorudi kama umetumika, au hujifunga. Waya wa 4 mm² wa pampu umeshalazwa hadi DB ndogo, ncha zake zimefunikwa na hazijaunganishwa, na moja ya zile nafasi mbili wazi ni yake.